Mbwa Aliyehamia kwa Jirani

Shangazi yangu Lidwina alimpa mbwa wake jina la Hamniwezi, na hakuna mtu wa mtaa wetu pale Matogoro aliyehitaji kuelezwa maana yake. Wiki ile alikuwa ameshinda kesi ya mpaka wa shamba dhidi ya familia ya upande wa juu, na wiki hiyo hiyo baba yangu, ambaye ni kaka yake, akamletea mtoto wa mbwa kutoka Peramiho, amekaa kwenye kikapu kama mchumba anayepelekwa ukweni. Mjomba Isidori, mume wa Shangazi, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Watoto wao, Aidan na Pamela, wako mbali na wana maisha yao. Baba alisema, "Dada, huyu atakukalia karibu." Shangazi akamtazama yule mtoto, akatazama nyumba ya wale aliowashinda, jina likapatikana hapo hapo.

Tangu siku hiyo, kila jioni alisimama mlangoni na sufuria, akaita kwa sauti ya mtu aliyeimba kwaya ya parokia tangu usichana wake: "Hamniweziii! Njoo ule!" Waliokuwa wanaambiwa waliambiwa, na mbwa naye alikula.

Niseme ukweli, mbwa aliyetunzwa vile sijamwona Songea nzima. Jumamosi Shangazi alikaa naye juani akimtoa kupe mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Dawa ya minyoo aliificha ndani ya tonge la ugali. Mifupa ya kuku marufuku, kwa sababu inapasuka vipande vikali na kutoboa utumbo. Maji yake yalibadilishwa asubuhi na jioni, na kibanda chake kiliinuliwa juu ya matofali ili baridi ya mwezi wa sita isimpate. Sisi watoto wa kaka tulikuwa tukisema tukifa na kuzaliwa upya, tuzaliwe mbwa wa Shangazi. Ila nikikaa pale kutwa, neno nililomsikia akimwambia mara nyingi lilikuwa "Toka hapo."

Kisha akaja Mwanaheri.

Alihamia nyumba ya pili, ng'ambo ya ua wa michongoma, akitokea Namasakata, huko Tunduru. Naye ni mjane. Mtoto wake Muhsini, mfanyabiashara wa korosho, alimpangia nyumba mjini ili awe karibu na hospitali kwa sababu ya goti, kisha yeye mwenyewe akaendelea na safari zake. Mwanaheri alikuja na magodoro mawili, masufuria, na paka mweupe ndani ya tenga. Wiki ya kwanza alikuja kusalimia, akasimama mbali kidogo na Hamniwezi, akasema bila kuficha: "Mama Aidan, mbwa wako mzuri, mashaallah. Ila mimi simgusi. Mate yake yakinipata ni kuosha mara saba, na moja kwa udongo."

Shangazi alikasirika kwa niaba ya mbwa. "Udongo!" aliniambia jioni ile. "Mbwa ninayemwogesha kwa sabuni ya kipande!"

Sasa sikiliza maajabu. Haukupita muda, Hamniwezi akawa anamaliza chakula chake kwa Shangazi, anajilamba midomo, anapenya tundu la ua, anakwenda kulala barazani kwa Mwanaheri. Hamkaribii. Analala hatua mbili kutoka alipokaa yule mama, kidevu juu ya miguu, na paka mweupe anakuja kujibanza tumboni kwake. Hapo ndipo anapokaa mpaka magharibi.

Roho ilimuuma Shangazi, na hakuificha. Mbwa angekuwa anakwenda kula, Shangazi angeelewa. Mbwa anafuata mfupa, nani asiyejua hilo? Lakini huyu alikuwa ameshiba, tena ameshibia kwake. Alikwenda kwa mtu asiyemgusa, asiyemtoa kupe, asiyemwita hata kwa jina, kwa maana Mwanaheri aliona aibu kutamka Hamniwezi mbele za watu, akawa anamwita Kijana tu. Na mbwa, msaliti mkubwa, akiitwa Kijana anapiga mkia.

"Shangazi, ni mbwa tu," nilimwambia.

"Tu? Mjomba wako alipokuwa anakwenda kilabuni nilijua anafuata ulanzi. Huyu anafuata nini?"

Alipeleleza. Alimwuliza Mwanaheri uso kwa uso amemwekea mbwa nini, na Mwanaheri akajibu kwamba hajamwekea kitu, labda anampenda paka. Shangazi akarudi akisema hakuna mbwa anayependa paka kiasi hicho, lazima ipo dawa, watu wa Tunduru wanajua mambo. Mimi nikacheka, akaninunia siku mbili. Kisha akaamua kushindana. Alinunua dagaa wa Nyasa wale wazuri, akanunua mifupa ya ng'ombe yenye nyama kuliko aliyonipikia mimi Krismasi. Hamniwezi alikula vyote kwa heshima, akapenya tundu la ua.

"Wanasema mchumia juani hulia kivulini," Shangazi alinung'unika akiosha bakuli lake. "Mimi nachumia juani, yeye kivuli anakwenda kukilalia kwa mwenzangu."

Mara ngapi alikwenda kumchukua, sijui. Nilikuwa nikimwona anakatiza na kipande cha khanga mkononi, anafika barazani kwa Mwanaheri, hasalimii vizuri, anamfunga mbwa shingoni na kugeuka naye. Mwanaheri anainua mkono kusema karibu, mkono unabaki hewani.

Mwezi wa tisa bajaji ya matangazo ikapita mtaani: chanjo ya kichaa cha mbwa, bure, mbwa na paka wote, kiwanja cha shule ya msingi. Mbwa wetu wengi hawajui kamba, kwa hiyo siku hiyo ni vituko. Watu walikuja na mbwa waliofungwa katani, mpira wa baiskeli, hata tai ya shule. Shangazi alimleta Hamniwezi kwa mnyororo mpya, amemwogesha, mwenyewe amevaa kitenge cha Jumapili. Nilijua kwa nini. Alitaka mtaa wote uone mbwa ni wa nani.

Afisa mifugo wa kata yetu, Bwana Saimon, alikuwa na sheria moja: mwenye mbwa amshike mbwa wake mwenyewe, kwa kuwa mbwa hutulia kwa mtu anayemwamini. Ilipofika zamu yetu, Hamniwezi akanusa ile sindano, akaruka, mnyororo ukamchomoka Shangazi mkononi. Alipita katikati ya watu mpaka mwisho wa foleni, kwa mama mmoja aliyeshika tenga lenye paka mweupe, akalala miguuni pake, anatetemeka.

Bwana Saimon akafuata na sindano yake. "Shikamoo mama. Mshike mbwa wako kichwani, hivi."

Mwanaheri akarudi nyuma, anakusanya gauni. "Marahaba. Si wangu, mwanangu, mimi simgusi!"

"Sasa mwenye mbwa nani?"

Kiwanja kizima kikacheka. Walicheka hata wale wa upande wa juu, wale wa kesi, tena mmoja wao akasema kwa sauti, "Huyo mama ndiye anayemweza!" Shangazi alikuja, akapiga magoti na kitenge chake vumbini, akamkumbatia mbwa shingo. Sindano ikaingia. Muda wote ule, macho ya Hamniwezi yalikuwa juu ya Mwanaheri, na Mwanaheri alikuwa akimwambia polepole, "Haya, Kijana, haya, inakwisha." Shangazi aliona na kusikia.

Alipofika nyumbani aliufunga mnyororo kwenye nguzo ya kibanda, akachukua nyundo na mbao, akaziba tundu la ua. Niliona mikono yake inavyogonga, nikajua siku hiyo si ya kutania.

Hamniwezi hakubweka wala hakuvuta mnyororo. Alilala ameelekeza pua kwenye ua, bakuli likakaa limejaa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Shangazi alipika wali kwa mchuzi wa nyama, akaupoza kwa kuupepea na ungo, akamwekea mdomoni kwa mkono wake. Mbwa alimlamba kidole kwa adabu, wali ukaanguka chini. Hapo Shangazi akalia. Mwanamke huyu hakulia kwenye kesi, na msibani alilia kwa mpango. Siku hii alilia vibaya, anamwambia mbwa, "Nimekukosea nini? Nani amekutoa kupe? Nani?"

Nilimwita Bwana Saimon. Alikuja na pikipiki, akamfunua mbwa fizi, akamtazama macho, akampima joto, akambonyeza tumbo. Akaosha mikono.

"Mama, huyu hana homa, hana minyoo, na damu ipo. Sijaona mbwa aliyetunzwa hivi kata nzima. Huo mnyororo ni wa tangu lini?"

"Tangu chanjo."

"Mfungulie. Mbwa akikaa peke yake kutwa anakonda hata ukimpikia pilau."

"Peke yake vipi, nami nipo hapa?" Shangazi akafoka. "Nikimfungulia atakwenda."

"Basi mfuate, uone anakwenda kufanya nini."

Ushauri huo ulimkera, lakini alasiri, nilipokuwa nimeshaondoka, aliung'oa ule ubao na kumfungulia. Haya yanayofuata alinisimulia mwenyewe, na kwa kuwa hayampi sifa yoyote, nayaamini.

Hamniwezi alipenya akitembea kwa kuyumba kidogo. Shangazi akainama nyuma ya michongoma, goti chini, mtu mzima, Mama Aidan, mwenyekiti wa jumuiya, anachungulia kwa jirani kama mwizi wa kuku.

Mwanaheri alikuwa barazani anamenya mihogo. Alipomwona mbwa, aliweka kisu chini. "Kijana! Ulikuwa wapi? Nimekaa na maneno yangu siku zote hizi nayapeleka wapi?" Hakumgusa. Mbwa akalala mahali pake, hatua mbili, paka akaja, na yule mama akashika kisu akaendelea kumenya na kusema. Alisema goti limeamka vibaya leo. Alisema Muhsini hajapiga simu, akipiga anasema mama nipo barabarani, siku zote barabarani. Alisema kuhusu marehemu mumewe, jinsi alivyokuwa akiokota korosho huku anahesabu kwa Kiyao na kukosea makusudi ili yeye acheke. Mbwa alisimamisha sikio moja. Kila Mwanaheri alipotua, mkia uligonga sakafu, naye akasema, "Ndiyo, hivyohivyo," akaendelea.

Shangazi aliniambia hapo alitaka kuinuka aende zake, kwani alikuwa ameshaona. Lakini Mwanaheri akasema neno lingine.

"Juzi nilipika wali wa nazi, Kijana, nikautia kwenye bakuli nimpelekee yule mama yako. Najua umefungwa, najua na sababu. Nikafika mpaka kwenye njia yake. Nikamwona mlangoni, nikaona ule uso. Nikarudi, nikaula peke yangu. Mkavu huo, ulinikwama."

Basi Shangazi akachomoka kwenye ua na miba kwenye kitenge.

"Mama Muhsini! Mwaka mzima unamweleza mbwa! Mimi sina masikio?"

Mwanaheri alishtuka, mhogo ukamdondoka. Kisha akajibu, wala si kwa hasira.

"Yeye akija, anakaa. Wewe ukija, Mama Aidan, unakuja kumchukua."

Shangazi ana jibu la kila kitu. Mahakamani alimjibu mpaka karani. Hapa alisimama tu, mikono haina khanga, haina mnyororo, haijui ishike nini. Mwishoni alivuta ndoo iliyokuwa pale, akaipindua, akaikalia, akachukua mhogo mmoja kwenye beseni.

"Nipe kisu kingine," akasema. "Haya, endelea. Ulikuwa kwenye korosho."

"Korosho ni katikati. Hutaelewa bila kujua tulivyooana, na kaka zake walivyonikataa. Itabidi nianze upya."

Shangazi akamgeukia Hamniwezi. Amelala pale, jicho moja wazi, hajui haya, anaijua habari nzima ya ndoa ya mwenzake tangu posa mpaka kaburi. Ananiambia wivu alioupata pale hajawahi kuupata kwa mwanadamu, hata kwa wanawake wa kilabuni.

"Anza mwanzo kabisa," alisema. "Usiruke kitu. Huyu kama amechoka kusikia, na alale."