Wimbi wa Baba

Wenzangu mliolelewa mtaa wa Jericho siku zile, mliokunywa maziwa ya shule kutoka kwenye pakiti za pembe tatu na kucheza bano, zile gololi, mpaka magoti yakaota sugu, mtanielewa nikisema kwamba kuwa na baba msomi hakukuwa na sifa yoyote mtaani. Baba za wenzetu walikuwa na kazi za kueleweka. Kuna aliyeendesha lori, kuna fundi wa reli, na kuna yule aliyekuwa na bucha Soko la Burma, ambaye watoto wake waling'aa mashavu kwa mafuta ya mbavu. Baba yangu alifundisha kilimo katika chuo cha huko mbali kwenye ukame, safari ya kutwa nzima ya kula vumbi, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu.

"Ati mbuyu yenu anafunza watu wakubwa kulima?" Kamau wa mlango wa pili alipenda kuniuliza tukiwa katikati ya mchezo. "Si hata shosho na uzee wake anajua kulima!"

Wote walicheka, na mimi nilicheka nao.

Likizo ya Agosti tulienda kumtembelea kule chuoni. Nyumba za walimu zilikuwa za mabati, mijusi dari nzima, na maji yaliletwa na trekta ambalo nalo lilikuja likijisikia. Walimu waliotumwa huko wengi hawakukaa. Walifika na masanduku yao, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, ukasikia wamepata uhamisho. Baba alibaki. Asubuhi alifundisha, mikono ya shati ikiwa nyeupe kwa chaki, na kwa kuwa maabara haikuwa na kitu, aliwafundisha wanafunzi wake kwa sufuria na chekecheke alizotoa jikoni kwake. Mchana alikwenda shambani kwenye wimbi wake, ule ulezi wa uji, nasi tukamfuata tukipiga madebe kufukuza ndege. Alipita mstari kwa mstari ameinama, akiona suke limekomaa mapema analifunga uzi mwekundu. Mama alilalamika kwamba nyuzi zake nyekundu zinaisha na hajaona nguo iliyoshonwa.

Alikuwa anatafuta wimbi wa kuiva kabla mvua haijakatika. "Mvua ya huku ni mgeni mwenye haraka," alituambia. "Ukichelewa kumpokea, ameshaondoka." Kila msimu alichagua mbegu za yale masuke ya uzi mwekundu, akazipanda tena, akachagua tena. Utoto wangu wote alikuwa anachagua. Wenyeji wa kule walikuwa wameanza kuja kumuuliza lini atawagawia, naye aliwaambia bado kidogo, nataka niwe na hakika nisiwape njaa.

Kisha ukaja mwaka ule wa ukame na unga wa njano wa msaada, mnaukumbuka. Shamba la chuo lilikauka lote. Ghala nalo liliingiliwa na panya, na mbegu zilizosalia zilienea katika mikebe michache tu ya mafuta ya kupikia. Baba alizichanganya na majivu, akaiziba mikebe kwa nta ya mshumaa, akaileta Jericho kwa sababu nyumba yetu ilikuwa kavu na haikuwa na panya. Aliisukuma chini ya kitanda akatuita sote. "Hiki si chakula," alisema. "Hizi ni mbegu. Mvua ikirudi, zitarudi shambani." Tukaelewa. Njaa yetu na mikebe ile vililala chumba kimoja, na hakuna aliyeigusa.

Shangazi Nafula hakuwapo siku hiyo. Alikuja kutoka magharibi baadaye kidogo, na kuku mmoja kwapani. Huyu ndiye dada mkubwa wa Baba, aliyeacha shule ili Baba asome, akapika pombe na kulima vibarua mpaka mdogo wake akavaa joho. Nyumba ya Baba ilikuwa yake. Sasa niambieni, Mama angemwambiaje wifi kama huyo, "Usiguse kile kilicho chini ya kitanda"? Kwetu hiyo ni sawa na kumwonyesha mlango. Mama alinyamaza, akisubiri mwisho wa mwezi, Baba aje amwambie dada yake mwenyewe.

Siku moja tulirudi shuleni tukakaribishwa na harufu ya uji wenye ukwaju. Mikebe ilikuwa imeoshwa, imefunikwa kifudifudi juu ya ua wa michongoma kukauka. Shangazi alikuwa ameupepeta wimbi, ameuosha majivu, ameuanika kwenye leso na kuupeleka kusagwa sokoni.

"Watoto wa ndugu yangu wanalishwa unga wa njano kama vifaranga," alisema akitumiminia, "na wimbi mzuri namna hii umefichwa! Kunyweni."

Mkubwa amesema kunyweni. Tukanywa. Nitasema ukweli hata kama unaniuma: sijawahi kunywa uji mtamu kama ule.

Mama alirudi kutoka kazini kwake kiwandani, akaiona mikebe kabla hajaingia. Alikaa kitini na mkoba begani. "Asante, wifi," alisema, na sauti yake haikuwa na kitu ndani.

Simu ya chuoni ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo Baba alifika mwisho wa mwezi hajui lolote, ana nyama ya Burma ndani ya gazeti na kicheko usoni kwa kumkuta dada yake. Shangazi alimpa kikombe. Akanywa funda moja, akatulia. Alimtazama Mama, Mama akainamisha macho.

"Wimbi huu umetoka wapi, dada?"

"Si hapa hapa kwako! Kunywa, umekonda."

Baba alikunywa mpaka chini. "Mtamu," alisema. "Niongeze."

Shangazi alirudi kwake na furaha, akafa miaka mingi baadaye bila kuambiwa. Baba alirudi chuoni akafundisha hadi kustaafu, lakini hakupanda tena. Likizo tulipokwenda hatukuombwa kufukuza ndege. Wale wenyeji nao waliacha kuuliza, na njaa haikuacha kuwarudia. Nikifikiria hilo moyo wangu huwa mzito mpaka leo, wala sioni cha kuufariji.

Siku hizi chuo kile kina lami na geti, na shamba la Baba limekuwa mahali pa kuegesha magari. Wajukuu zake ukiwaambia tulikuwa tunafukuza ndege, wanauliza kama hakukuwa na app. Chakula wanakijua kwa rangi ya pakiti. Baba ni mzee sana, anakaa nami hapa mtaa wa Fedha, na kila asubuhi binti yangu humpikia uji wa wimbi wa dukani. Anaonja funda la kwanza, anatulia, anatikisa kichwa.

"Babu, sukari imepungua?"

"Hapana, mama. Ni mtamu. Lakini sio ule."

Binti hunitazama mimi, nami hugeuka nikaosha vyombo. Mama hayupo, ndugu zangu wanasema wameshasahau. Tumebaki wawili tu tunaoijua ladha ile, na mmoja wetu anaendelea kuitafuta.