Vifurushi Viwili vya Bibi Ngolo

Leo nacheka, lakini wiki iliyopita nilitamani ziwa linimeze.

Maabara yetu hapa Mwanza inachunguza kama mimea ya dawa inaweza kuziamsha seli shina, zile seli changa za mwili, zikarabati palipojeruhiwa. Nilikwenda Buhongwa kwa mganga mmoja, Bibi Ngolo, akanipa majani makavu ya dawa yake ya vidonda. Kwa Wasukuma mgeni haondoki mikono mitupu, kwa hiyo akaniongezea kifurushi cha nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, nikapike nyumbani.

Seli hazikushtuka hata kidogo. Nami mtaalamu nikaandika ripoti kwamba dawa haifai, kisha nikamwita bibi nimweleze kwa upole, mbele ya bosi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akafungua chupa ya majani tuliyoyapima, akanusa, akaangua kicheko. "Mbona hii ni nsansa yangu? Dawa umeipeleka wapi?"

Bosi akanigeukia. Nikamkumbuka mke wangu mezani, amekunja uso kwa uchungu wa ile mboga, nami nikimkemea: "Chakula cha mzee hakikataliwi. Maliza!"