Moto wa Perina Matulić

Perina Matulić, binti wa Jozo mchoma chokaa, yule Jozo aliyesaga vigae vya paa lililobomoka akatandaza uwanja wa kwanza wa tenisi katika mji wetu. Mjukuu wa Mare, yule bibi aliyejenga ukuta wa mawe wa upande wa bahari kwa mikono yake mwenyewe. Mke wa Lovre mshona nyavu, na mtunzaji wa uwanja huo baada ya baba yake: huyo ndiye ninayemwandika. Wachezaji wa timu ya Yugoslavia wameandikwa sana. Nchi yenyewe haimo tena kwenye ramani, lakini timu yake ilipokuja kwetu kucheza Kombe la Davis nilikuwepo, na macho yangu yalikuwa mazima.

Mji mzima ulikuwa umepaka chokaa nyumba zake. Basi upepo wa kusini ukaleta mvua, siku mbili haikupumzika, uwanja ukawa uji mwekundu. Mwamuzi mkuu, Mholanzi mpole, akaukanyaga. Mguu ulitoka, kiatu kikabaki. Akatuambia kesho saa sita mchana kama haujakauka, mechi zinahamia mji mkuu, ndani ya ukumbi wenye sakafu ya mbao. Tukanyong'onyea. Wageni waliokuja kupambana nasi walikuwa warefu kama milingoti, na kwenye mbao mipira yao ingekuwa risasi. Vijana wetu walikuwa watoto wa udongo.

Asubuhi mvua ilikatika. Lovre akanusa hewa. "Tungoje bura. Ukishuka upepo ule wa mlimani, utakausha kila kitu."

"Na usiposhuka?"

"Utashuka, mke wangu."

"Hata siku ya harusi uliniambia mvua itapita. Nikaolewa nimelowa kama sifongo. Nitafutie petroli."

Lovre akajishika kichwa. "Perina! Utauchoma uwanja wa baba yako? Moto ukizidi udongo utapasuka kama mkate, na hapo hakuna wa kuurudisha. Magazeti yatasema sisi wendawazimu!"

"Afadhali hivyo kuliko yaseme tumeshindwa na dimbwi."

Perina aliwahi kumwona baba yake akikausha udongo kwa moto mara moja tu, tena kwenye kona. Sasa ulikuwa uwanja mzima. Sisi wanawake tulipiga magoti tukang'oa misumari ya ile mikanda myeupe ya mistari isije ikaungua. Wanaume wakafyonza petroli kutoka magari na mashua zao, wakitema mate na kutukana. Padri naye akaleta debe lake.

"Perina, hii ni ya kwendea kwa wagonjwa."

"Baba, mgonjwa ndiye huyu, umesimama juu yake."

Perina akainyunyiza petroli kidogo kidogo, kama mtu anayetia mafuta ya zeituni kwenye samaki, akawasha. Moto ukakimbia chinichini, wa buluu, mvuke ukapanda mpaka tukapoteana. Yeye alitembea pembeni yake bila kupepesa macho. Kila ulipogeuka manjano alipiga kelele, "Mchanga!" nasi tukamwaga mchanga. Nyusi zake zote ziliungua. Tukafagia, tukashindilia, tukapigilia mikanda upya. Ile bura ya Lovre haikutokea hata ya kupeperusha leso.

Mholanzi akaja na viatu vingine. Akakanyaga, akaruka, akazunguka kona zote nne. Kisha akacheka. "Mtacheza hapa."

Na tukacheza! Siku ya mwisho tukawa mechi mbili kwa mbili, ikabaki moja ya kuamua, na kijana wetu aliyebaki akaufukuzia kila mpira mpaka soksi zake zikawa nyekundu kama udongo. Mgeni akachoka. Mpira wa mwisho akaupiga ukanasa kwenye wavu, ushindi ukawa wetu, na kelele zilizotoka nadhani zilisikika hadi Italia. Watu wakaingia uwanjani wakambeba mchezaji, kisha wakambeba Perina.

"Nishusheni! Vueni viatu, mnaniharibia mistari!"

Nani wa kumsikiliza? Lovre alikuwa akiimba na kulia kwa pamoja.

Walipomshusha, akamwita Nevenka, mke wa mwanawe, akamtilia mkononi kamba ya wavu unaoburuzwa kusawazisha udongo.

"Kesho alfajiri mwagilia, kisha buruza ukianzia nje kuingia ndani. Asikukanyagie mtu, hata akiwa waziri."

"Na wewe, mama?"

"Mimi miaka yote nimezisikiliza mechi nikiwa kibandani na mafagio. Ijayo nakaa jukwaani, natafuna mbegu za maboga na kumzomea mwamuzi. Uwanja ni wako. Haya, anza na hawa: watoe."