Ushahidi wa Marta

Marta alikuwa mke wa Sixte, mrina asali wa Ugalla, na mama wa Ladislas. Mwaka juzi, asubuhi moja ya kiangazi, mwana alimuua baba.

Ladislas alikuwa na miaka ishirini na sita. Tangu masika alikuwa akisikia sauti za watu wanaopanga kumchinja. Alizunguka nyumba na jembe mkononi, chakula hagusi. Marta aliwaambia majirani ni malaria tu. Sixte alitaka wampeleke hospitali Mpanda, Marta akakataa.

"Wakisema ni kichaa, nani atampa binti yake?"

Siku hiyo Sixte alirudi kutoka kwenye mizinga bado amevaa wavu wa kujikinga na nyuki, bomba la moshi mkononi. Ladislas akaona mtu asiye na uso anamjia. Akampiga jembe la kichwa, mara mbili. Marta alipotoka mbio, mwanawe alimsukuma nyuma.

"Mama, ingia ndani! Wapo wengine!"

Kesi ilipofika kwa jaji, wakili wa utetezi, Ponsian, alimvuta Marta kando.

"Mama, tukisema alijihami, hoja haitasimama. Baba yake hakumshambulia. Kilichobaki ni ugonjwa. Daktari kaandika anaumwa, lakini upande wa Serikali watasema ugonjwa umemwanzia mahabusu. Majirani wote wanataja malaria. Nani alijua ukweli?"

"Mimi na marehemu."

"Basi useme. Na useme kwa nini mlinyamaza."

Marta alisimama kizimbani. Séverin, mdogo wake Sixte, alikaa benchi la mbele. Marta alieleza yote, na mwishoni akasema, "Mume wangu alitaka mtoto atibiwe. Mimi ndiye niliyekataa."

Séverin akainuka, akatoka nje. Hajamsalimia shemeji yake mpaka leo.

Jaji alisema Ladislas ndiye aliyemuua baba yake, ila hana hatia, maana ugonjwa wa akili ulimfanya asijue alitendalo. Akaamuru awekwe Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa namna hiyo. Muda hakutaja.

Mwezi wa saba Marta alipanda treni kwenda kumwona. Alimkuta amenenepa kwa dawa, mikono inatetemeka, lakini macho yametulia. Alimtambua mwanawe wa zamani, akalia kwa furaha. Ladislas hakulia.

"Mama, zamani nilikuwa naona yule mtu wa wavu. Tangu dawa ziliponikubali, namwona baba."

"Kosa ni langu, mwanangu."

Ladislas akauliza, "Mlimzika wapi?"

"Nyuma ya nyumba, karibu na mihogo."

"Nani walibeba jeneza? Mimi sikuwepo, Mama. Niambie yote."

Marta alimshika mikono, akaanza kumweleza tangu mwili ulipotoka hospitali. Muuguzi alipokuja kusema muda umekwisha, walikuwa hawajafika kaburini.