Kete Zilizosimama Siku Tatu

Mungu amenivumilia miaka mingi. Nanyi nivumilieni kwa aibu hii.

Rafiki yangu Magesa wa Bunda anaumwa figo. Kila asubuhi baada ya sala tulikuwa tukicheza drafti kwa kompyuta kupitia mtandao, yeye kwake, mimi Musoma. Programu ya mchezo ilitengenezwa kwa kompyuta za Windows tu, na yangu inatumia mfumo mwingine, Linux, hivyo fundi aliniwekea programu nyingine ya kuiwezesha. Alinionya kwamba mchezo unaweza kuganda. Nikasahau. Nililokumbuka ni neno la Magesa: "Siku nisipocheza, mzee mwenzangu, ujue nimeondoka."

Wiki iliyopita kete zake hazikusogea siku tatu. Simu yake haikupatikana. Jumapili nikasimama, mimi mzee wa kanisa, nikatangaza kifo chake na kuwaombea wafiwa. Akina mama wakachanga unga, tukakodi gari hadi Bunda. Walianza kulia kabla hatujashuka.

Magesa alikuwa amekaa mlangoni, amekonda sana, kompyuta iko mapajani.

"Ni zamu yako," aliniambia. "Nakungoja tangu Alhamisi, na simu yangu imeharibika."

Kwenye kioo chake kete yake ilikuwa imesogea. Iliyoganda ni kompyuta yangu. Vilio vikakatika, macho yote yakanigeukia. Mama mmoja akaunyanyua unga kuurudisha garini.

"Uache hapo hapo, mama," Magesa akasema taratibu. "Daktari ameniambia nisihangaike tena kurudi hospitali. Mtaupika hivi karibuni."