Mgomba Tulioutupa Mferejini

Wapo watakaosema nimetunga. Waseme. Mimi nilikuwepo, tena mchana kweupe, na mama yangu leo amelala makaburini Ifakara kando ya mtu nisiyemjua. Kwa hiyo sikiliza kwanza, halafu ucheke ukitaka.

Anza na habari ya baba. Alikwenda kuvua upande wa Malinyi mama akiwa na mimba yangu, hakurudi. Walimtafuta mpaka wakachoka. Kwetu mtu akipotea hivyo haachwi hivihivi: wazee hukata mgomba, wakauvika sanda, katekista akasali, ukafukiwa kama mtu. Ndivyo alivyozikwa baba. Mama alilipalilia kaburi lile miaka yote, lakini alipoanza kuugua akawa na wimbo mmoja tu: "Mwanangu, nikifa mtanilaza na mgomba?" Wewe ungejibu nini?

Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja pale mjini, jina naliacha. Bosi wangu alikuwa daktari mzee aliyewahi kurusha ndege ndogo bondeni kwetu, mpaka macho yakamkatalia. Akabaki na mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Tatizo lake lilikuwa ardhi. "Niko juu ya Ifakara, chini naona mashamba ya Ulaya," alilalamika. "Niwekee Kilombero yangu, kijana."

Akanipa picha alizopiga mwenyewe akiwa angani, na diski yenye programu ndogo ya kupanga picha za ardhi. Kazi yenyewe si ngumu. Kwenye mchezo ule ardhi ni picha za mraba zilizopangwa kama vigae. Kigae kimoja kinajirudia hadi mwisho wa macho, kama ua la kitenge. Programu inaondoa kigae cha zamani, inaweka chako. Lakini kabla ya yote inakuuliza: cha zamani umekihifadhi? Ukishahifadhi, hata ukiharibu unabofya tu, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Nikahifadhi. Kwenye kompyuta mimi si mzembe.

Siku hiyo ilikuwa masika, mvua inapiga bati, Daktari amekwenda kijiji cha Mbingu. Nilikuwa najaribu vigae vyangu vya mpunga nikahisi mtu nyuma yangu. Mwanamume wa makamo, kaptula, mwanya mpana, tope hadi magotini. Nikadhani ni mgeni wa Daktari.

"Shikamoo," nikamwambia.

Kimya. Macho yake kwenye skrini.

"Shuka chini kidogo," akasema.

Nikaishusha ndege. Kwa nini nilitii? Niamini, mpaka leo sijui. Mpunga ukapita, mpunga uleule unaojirudia, kisha ukatokea mkuyu, na mtumbwi umepinduliwa chini yake. Mmoja tu! Sikuwa nimekata picha yoyote yenye mkuyu. Na kitu kilichomo kwenye kigae hakiwezi kutokea mara moja, lazima kijirudie. Yule mtu akanyoosha kidole.

"Ng'ambo ya kivuko, kwenye mkondo uliokauka. Mtu wenu yuko pale."

Nilipogeuka hakuwepo. Tope lilikuwepo, nililideki kwa mikono yangu. Nikarusha ndege tena palepale, nikakuta mpunga mtupu.

Nilipomweleza mama juu ya ule mwanya, alishika kichwa akapiga kelele. "Ni yeye! Ni baba yako!" Maji yalipopungua nikaenda na baba mdogo, ndugu yake baba, hadi ng'ambo ya kivuko. Mkuyu tuliukuta. Tukachimba kidogo tu, mifupa hiyo. Baba mdogo alilia kama mtoto.

Tukaileta nyumbani, tukalifukua kaburi la mgomba. Mgomba ulishakuwa udongo mweusi. Tukauzoa, tukautupa mferejini, tukaiweka mifupa mahali pake. Mama alipiga vigelegele siku ile, pamoja na ugonjwa wake. Nami nilifurahi sana, sitaficha.

Siku zake za mwisho akaniomba nimsimulie tena, polepole. Nikasimulia yote, safari hii pamoja na shikamoo yangu. Akanishika mkono.

"Hakuitikia?"

"Hakuitikia, mama."

Akauachia mkono wangu. "Baba yako hakuacha salamu ipite, hata ya mtoto. Alikuwa anaweka kasia chini ndipo aitikie." Kisha akasema, "Wenye mwanya ni wengi, mwanangu. Mmemleta nani pale?"

Akageukia ukutani. "Nirudishie mgomba wangu," akasema.

Ningeutoa wapi? Vigae vya Ulaya, ambavyo hakuna aliyevililia, nilivihifadhi vyote, nikibofya vinarudi. Mgomba uliosaliwa na kupaliliwa miaka yote nilikuwa nimeutupa mferejini, na masika iliyofuata ilishauzoa. Mama alifariki hajaniambia neno jingine. Tukamzika palepale kando ya mifupa ile, maana ndugu walishachimba, na mimi nilishindwa kufungua mdomo.

Kila Siku ya Marehemu nakwenda na mishumaa miwili. Wa mama nauwasha. Wa pili, wa baba, narudi nao nyumbani mfukoni.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mgeni asiyeitikia shikamoo yako usikifuate kidole chake. Na kilichosaliwa na wazee, hata kama ni mgomba tu, usikiondoe kabla hujamjua unayemweka mahali pake.