Sada Atafuta Somo

Sada binti Kibwana amepika katika nyumba ya wageni pale Dunda kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo jina lake limesafiri kuliko yeye. Mwenyewe hajapita Ubena, mwendo wa saa chache tu kwa basi.

Alipokuwa mdogo, mwalimu wake wa Kurani alimwambia kwamba jina hilo limetoka kwa Waarabu, kwenye neno lenye maana ya heri, na kwamba ni ndugu wa damu wa msaada. Akaridhika. Kisha wakaanza kuja wageni. Mserbia mmoja aliyekuja kujifunza ngoma aliangua kicheko aliposikia mpishi akiitwa, akaeleza kwamba kwao sada maana yake ni sasa. Tangu siku ile hakuuliza tena chakula kitaiva lini; aliita tu jina la mpishi. Mama mmoja wa Kihindi aliyetoka Dar es Salaam kuja kupumzika akasema kwa Kihindi ni daima. Halafu Mturuki wa ujenzi wa reli, mtu mpole asiyeweza pilipili, akakuna kidevu na kusema kwao ni neno la vitabuni: sauti inayorudi, mwangwi. Nalo asili yake ni Kiarabu, akaongeza, ila si lile la heri. Ni jingine kabisa.

Sada aliyatafakari hayo akimenya vitunguu. Aliona herufi zile zile zimekutana kama abiria kwenye benchi la stendi, kila mmoja katoka kwao na anakwenda kwake.

"Heri, sasa, daima, mwangwi," alimwambia Eufrazia, mfuaji wa mashuka pale pale kazini. "Yote hayo mimi."

"Na bado wali umeunguza," Eufrazia akajibu.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa moyoni. Jina hilo alipewa la bibi yake aliyemlea, na bibi ndiye aliyekuwa somo wake, maana pwani watu wawili wenye jina moja huitana hivyo, na hutunzana kama pacha. Bibi alipokufa, Sada akabaki bila somo. Watoto wa ndugu zake wote walipewa majina ya kwenye televisheni. Siku atakayokufa yeye, ukoo mzima hautakuwa na wa kuitika jina lile, na hilo lilimuuma kuliko kufa kwenyewe. Kwa hiyo Batuli, binti yake wa pekee, alipojifungua mtoto wa kike, Sada alisubiri kwa hamu asiyoweza kuisema.

Batuli akamwita mtoto Aylin. Alilipata kwenye tamthilia ya Kituruki.

"Ailini?" Sada aliuliza. "Si ndiyo ile dawa ya vidonda?"

"Ile iodini, mama."

Aylin akalia. Alilia akishiba na akiona njaa, alilia akiogeshwa na akifutwa. Zahanati wakampima, wakasema ni mzima, watoto wengine hulia tu na huacha wenyewe. Batuli na mumewe, Husseni, macho yakawa mekundu kama ya wavuta tumbaku. Ndipo mama yake Husseni, Bi Shufaa, akaja kutoka Vigwaza, akamkagua mjukuu utosi hadi unyayo, akatoa hukumu.

"Huyu hana ugonjwa. Jina limemkataa."

Mila hiyo ni ya zamani, na watu wengi wa pwani wana shangazi aliyebadilishwa jina kwa sababu hiyo. Mtoto hupakatwa, majina ya wazee wa ukoo yakatajwa moja moja, na litakalomnyamazisha ndilo lake; mwenye jina hilo, akiwa hai, ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Wakakutana sebuleni kwa Batuli Jumamosi baada ya chai. Eufrazia naye akaja, kwa kisingizio cha kuleta sabuni.

"Sawa," alisema Batuli, "ila liwe jina lenye maana. Sada ni zuri, mama, lakini la kizamani. Halina maana."

"Halina maana?" Sada akakunjua vidole, akampa zote nne. "La kwako wewe lina ngapi?"

"Maana hazimnyamazishi mtoto, mkwe wangu," Bi Shufaa akakata. "Upande wa baba kwanza."

Anayetaja hapakati, asije akambembeleza mtoto kwa hila. Sada akapakata, Bi Shufaa akajifunga kanga kiunoni.

"Mwanahija!" Huyo alikuwa marehemu mama yake. Kilio.

"Mwantumu!" Kilio kikapanda.

"Shufaa!"

Mtoto akanyamaza. Bi Shufaa akainua mikono juu. "Mmeona?"

Kumbe alikuwa anavuta pumzi. Akaiachia yote.

"Kakukataa, mama," alisema Husseni.

"Kimya wewe! Ulikuwa unalia kuliko huyu."

Ikafika zamu ya upande wa mama. Bi Shufaa akapakata, Sada akasimama. Alikuwa na jina moja tu la kutaja, na akagundua kwamba hajawahi kuliita. Maisha yake yote amekuwa wa kuliitikia. Akalitaja kama bibi alivyokuwa akilitaja kumwita kula, akilivuta mwishoni.

"Sadaaa!"

Mtoto akamtazama. Kwa kitambo alimtazama kweli. Kisha uso ukakunjamana kama nguo iliyokamuliwa, akalia.

Sada akarudia kwa sauti ndogo zaidi. Mtoto akazidi. Sada akaketi, akarekebisha mtandio ambao haukuwa umelegea.

Batuli aliona. Kwa kuchoka akamgeukia Eufrazia. "Mama mdogo, taja na wewe la kwako. Hatujabakiza kitu."

Eufrazia, mwenye sauti ya kwaya, hakuombwa mara mbili.

"Eufrazia!"

Kimya. Wakasubiri pumzi. Mtoto akapiga mwayo, akalala.

Husseni alijiziba uso kwa kofia, mabega yakitikisika. "Eufrazia binti Husseni. Shehe nitamwambiaje?"

"Mlete kwangu huyo shehe, nitamwandalia na ubatizo," Eufrazia akasema, na nyumba ikaangua kicheko.

Bi Shufaa hakucheka. Alikuwa mtu wa mila, na mila ilikuwa imemtega. "Limechaguliwa, limechaguliwa. Na mwenye jina lililochaguliwa ndiye mwenye kauli. Hilo mimi silivunji."

"Kauli yangu kabisa?" Eufrazia akauliza.

"Yako."

"Basi jina langu narudi nalo nyumbani, bado nalitumia. Mtoto namwita Sada. Ndilo ninaloliita kutwa nzima kule kwenye mashuka. Kwa uzee huu sijifunzi lingine."

"Hiyo hila!"

"Ya nani, bibi? Mimi nimeitwa kutaja, nimetaja. Mwulize mjukuu wako."

Bi Shufaa akamtazama mjukuu aliyelala mapajani pake, kinywa wazi. "Watu wa Dunda mna maneno," alisema, na hapo naye kicheko kikamshinda.

Batuli akageuka kumtazama mama yake, lakini Sada alikwishakimbilia uani na vikombe, asionekane machozi. Kutoka ndani Bi Shufaa akalijaribu jina mdomoni, polepole.

"Sada."

"Abee!" Sada akaitika, mikono imejaa povu.

"Si wewe, mkwe. Wewe osha vyombo."

Kabla ya adhuhuri mtoto aliamka akalia kwa nguvu zile zile. Hakuna aliyefungua mdomo kuhusu jina. Sada akajifuta mikono, akaingia ndani kumchukua somo wake.